Fundi na Friji ya Chanjo

Fundi wa kibanda cha jirani hajawahi kukosea, muulize mwenyewe. Redio yako ikiungua mikononi mwake, basi redio ilikuwa na tabia mbaya. Vidole vyake vimejaa makovu ya kulehemu, na kila mteja, hata aliyeleta pasi, lazima ashikishwe chipu ndogo kama ukucha na kusomewa hotuba: "Bei ya mkate, mama! Unaipa umeme wa kihisi cha joto, inaugeuza kuwa namba yenyewe, haitaki kifaa kingine." Mteja huitikia kwa adabu, kisha huulizia pasi yake.

Kwa chipu hiyo aliitengenezea zahanati kipimo cha joto la friji ya chanjo, akajisifu mwezi mzima. Asubuhi moja nilimwona akijaribu kipimo kingine kama hicho mezani, kando ya kipimajoto cha kioo. Alipobadilisha adapta ya umeme, namba zikashuka, lakini kipimajoto cha kioo hakikusogea. Bingwa wetu akairudisha adapta ya kwanza, namba zikapanda tena. Chipu hulinganisha kila kitu na umeme inaoletewa na adapta, naye hakuwahi kuudhibiti; umeme ukiyumba, namba huyumba hata joto lisipobadilika. Akaacha kibanda wazi, akakimbilia zahanati. Nikamfuata, nikiwa na hamu ya kujua safari hii atamsingizia nani.

"Dada, usimdunge mtoto yeyote," alimwambia muuguzi akihema. "Kipimo kinadanganya. Huenda chanjo zimeharibika."

"Chipu imekufa?"

"Chipu ni nzima. Nimekosea mimi."

Kisha, bila kutumwa na mtu, akaigeukia foleni ya akina mama na kuyarudia maneno hayo kwa sauti.