Zimwi la Hotelini

Filamu ya katuni ilikuwa kwenye simu ya mke mwenzangu. Watoto wanalisaka zimwi linalotisha wageni hotelini. Imetengenezwa upya kutokana na katuni ya zamani niliyoitazama utotoni, kwenye kibanda cha video hapa hapa Pande. Nikafurahi. Binti yangu akitoka shule hukimbilia kwa mwenzangu. Leo, nikasema moyoni, ataniegemea mimi.

Tulikaa barazani tukiitazama huku tukibangua korosho. "Zimwi ni yule mpishi mpole," nikamwambia binti yangu.

"Mpishi na kitambi kile, dada?" mwenzangu akasema. "Mimi nasema ni mbwa."

Binti yangu akacheka mpaka korosho zikamwagika. "Mama mdogo, mbwa si yuko na watoto? Hujui kitu wewe. Ngoja nikuelekeze." Akahamia mkekani kwa mwenzangu, akamweleza mpaka mwisho.

Zimwi lilikuwa mpishi. Hakuna aliyekumbuka kwamba nilisema.

Nisimwonee mwenzangu, huenda kweli hakujua. Lakini niliona wivu. Alipoleta filamu nyingine, nikajaribu kukosea na mimi. Binti yangu akanitazama tu.

"Mama, wewe unajua," akasema, akamgeukia mama yake mdogo.