Laini Isiyo na Namba

Mama yangu hajui kusoma, lakini simu yake anaijua. Ni kitochi cheusi cha kupiga na kupokea tu, ambacho mfuniko wake umefungwa kwa rababendi, na namba yangu iko kwenye kitufe cha mbili. Kila asubuhi, akishaswali alfajiri na kuwatupia mbuzi majani, alikuwa anabonyeza mbili, anasubiri ilie mara moja, kisha anakata. Mimi huku Ipagala, Dodoma, nilikuwa nimekaa ukingoni mwa kitanda nikiingoja hiyo bipu. Nampigia.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Umeamka?"

"Nimeamka. Miguu inaendeleaje?"

"Ipo."

Dakika tatu, tano zikizidi. Mvua imenyesha ama haijanyesha, nani ameoa, nani tumemzika. Tulianza hivyo nilipomnunulia simu yake ya kwanza, na kwa miaka yote hiyo sikumbuki asubuhi aliyoikosa sauti yangu. Hata nilipolazwa kwa upasuaji nilimpigia nikiwa kwenye machela, nikamdanganya kwamba kelele anazozisikia ni za sokoni.

Nilikuwa nimefikisha miaka hamsini na nne, karani wa masijala katika ofisi moja ya serikali hapa Dodoma. Watoto wameshajitegemea, mume alishahamia kwa mwingine zamani. Likizo zangu zote nilizimalizia Kondoa, kwenye alizeti za mama. Mwaka huo mwenzangu wa ofisini, mwanamke anayesafiri na wakubwa na ambaye pasipoti yake imejaa mihuri, alinijia mezani akaegemea mafaili yangu.

"Dada, utastaafu hivyo hivyo bila kupanda hata ndege ya kwenda ng'ambo? Twende Istanbul. Siku kumi tu. Tunakwenda kutembea, si kazi."

Nilikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nilikuwa nimechoka. Nilichoka kuwa mtu ambaye likizo yake inajulikana mwaka mzima kabla.

Kwa mama sikusema likizo. Nilimwambia nakwenda semina nje ya nchi. Aliuliza jambo moja tu: "Simu itafika huko?"

"Itafika, mama. Asubuhi, kama kawaida."

Wiki moja kabla ya safari tulikaa kwenye mgahawa wa ofisi, sahani za wali na maharage mbele yetu, mwenzangu akinifundisha. Mezani walikuwepo pia maofisa wawili waliokuwa wakisikiliza huku wanakula.

"Laini yako ya hapa usiiwashe kabisa ukifika," alisema. "Itakula salio lote hujatoka hata uwanja wa ndege. Unanunua eSIM. Hakuna kadi, hakuna kuchomeka kitu. Unalipia hapa hapa, unatumiwa msimbo, unauskani kwa kamera, laini inakaa ndani ya simu. Ukitua tu inashika mtandao wa kule."

Tukaangalia kama simu yangu inakubali. Ilikubali, nikafurahi kama mtoto aliyefaulu mtihani. Kisha akafungua orodha ya mabando. Yalikuwa mengi kuliko nilivyodhani: ya wiki, ya siku kumi na tano, ya mwezi, ya Uturuki peke yake na ya Ulaya nzima, ya GB tatu, ya kumi, na ya bila kikomo ambayo, alisema, ina kikomo ila wamekiandika kwa herufi ndogo.

"GB tatu hazikutoshi. Wewe mtu wa status, zitaisha siku ya pili," alisema, na wale maofisa wakacheka.

Nilikuwa nashusha orodha kwa kidole nilipoona yamegawanywa makundi mawili. Kundi moja lilikuwa la data tu. Jingine lilikuwa na data, na namba ya simu, na dakika za kupiga. Bei ilipanda, lakini si ya kunishinda. Kidole kikasimama hapo.

"Hili la dakika ni la nini?"

"La kupiga simu za kawaida. Achana nalo, dada. Nani siku hizi anapigiwa simu ya kawaida? Watu wako wote si wako WhatsApp?"

Hapo ndipo nilipotakiwa kusema: mama yangu hayuko WhatsApp. Mama yangu ana kitochi. Maneno machache tu. Lakini wale maofisa walikuwa wananitazama, na mimi pale ofisini nilikuwa nimejijengea jina la mwanamke anayejua mambo, anayevaa vizuri, ambaye wengine wanamletea barua zao za Kiingereza awasahihishie. Sikuwa nimemficha mama. Ila sikuwahi kumtaja pia.

"Wote wako WhatsApp," nikasema.

Nikachagua data tu. GB kumi, siku kumi na tano, Uturuki peke yake. Mwenzangu akaniambia nimechagua kama msafiri mzoefu.

Sikuwa mjinga. Nilijua nimejifungia mlango, nikajitafutia dirisha. Mdogo wangu wa kiume anaishi Kondoa, uwanja mmoja na mama, nyumba yake hatua chache tu kutoka ya mama, na ana simu kubwa. Nilimwandikia: kila asubuhi nitakupigia kwa WhatsApp, mpelekee mama simu tuongee. Akanijibu kwa dole gumba.

Tulipanda treni ya umeme hadi Dar es Salaam, tukapanda ndege, tukafika. Laini ilishika ndege ikiwa bado inatembea chini. Saa zao na saa zetu ni zile zile. Asubuhi ya kwanza niliamka wakati wa mama, nikakaa ukingoni mwa kitanda cha hoteli, nikampigia mdogo wangu. Ikaita mpaka ikakatika. Nikaandika: "Mwambie mama nimefika salama, laini yangu ya nyumbani imezimwa, asihangaike kubipu." Alama za kusomwa zikawa za bluu. Dole gumba.

Siku ya pili vile vile. Niliogopa kidogo, nikawasha laini yangu ya Tanzania. Ilitafuta mtandao, ikatafuta, ikachoka. Kumbe huduma hiyo nilitakiwa niiombe kabla sijaondoka. Baadaye niliambiwa pia kwamba zipo programu zinazopiga simu ya kawaida kwa kutumia data. Baadaye niliambiwa mengi.

"Mama hajambo?" nikamwandikia mdogo wangu siku ya tatu.

"Hajambo."

"Umemwambia?"

Dole gumba.

Nikatulia. Huo ndio ukweli, nilitulia. Niliingia misikiti ambayo dari zake ziliniumiza shingo, nikala vitamu vya kila rangi, nikacheka na mwenzangu hadi mbavu zikauma. Kila jioni niliweka picha kwenye status. Kuna moja nimevaa miwani ya jua, nimeshika aiskrimu, mdomo wazi kwa kicheko. Watu wa ofisini waliipenda sana.

Yaliyotokea siku ya tano nilisimuliwa na jirani yangu wa Ipagala, mwalimu mstaafu anayekaa mkabala na geti langu.

Mama alikuwa amebipu siku nne, kila siku anajibiwa na yule mwanamke wa kwenye mtambo kwamba namba haipatikani. Siku ya tano hakubipu. Alivaa khanga zake nzuri, akajaza mfuko karanga, akatembea hadi stendi ya Kondoa na kupanda basi la Dodoma bila kumuaga mtu. Kwangu alikuwa amefika mara mbili tu maishani, na mara zote nilimpokea stendi mwenyewe. Sijui alivyouliza. Alifika. Alikuta geti limefungwa kwa kufuli, akaokota jiwe akaanza kuligonga. Jirani akatoka.

"Shikamoo bibi. Unamtafuta nani?"

"Mwanangu. Alisema anasafiri, simu haipatikani siku ya tano leo. Mwanangu hakai siku tano bila kunipigia. Amefia humu ndani, au amefia huko na nyie mnajua mnanificha. Iteni watu wavunje."

Jirani alicheka. Aliniambia alicheka kwa kuona ana habari njema. Akatoa simu yake.

"Mama, tulia. Huyu hapa, ameweka picha jana jioni. Yuko Uturuki, anakula likizo yake."

Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili, akaitazama picha ya aiskrimu kwa muda mrefu.

"Hii ni ya jana?"

"Ya jana, mama."

"Kwa hiyo simu anayo."

"Anayo."

Jirani akataka kunipigia pale pale aniunganishe naye. Mama alikataa. "Mwache. Asisumbuliwe." Akamwapisha asiniambie mpaka nirudi. Alikunywa maji amesimama, chakula akakikataa, akamwachia jirani zile karanga, akaomba asindikizwe stendi. Alirudi Kondoa siku hiyo hiyo, kwa miguu ile ile iliyovimba.

Hayo yote niliambiwa getini, begi likiwa bado mkononi. Niliwasha laini yangu nikampigia. Ilipatikana. Alipokea.

"Mama, nisamehe. Laini niliyonunua kule haina namba. Haiwezi kupiga simu kama yako. Nilimwagiza mdogo wangu kila siku akwambie."

"Ulinizima."

"Sikukuzima mama, ile laini..."

"Ulinizima, mwanangu. Si neno. Semina imekwendaje?"

Alingoja kidogo, kwa adabu, kisha akasema mbuzi wanamlilia.

Jumamosi nilikwenda Kondoa. Mdogo wangu nilimkuta uani anapura alizeti. Nilimfokea kabla hata hatujasalimiana. Kwa nini hukumwambia? Ni hatua ngapi kutoka mlango wako hadi wake? Hakukana, wala hakuacha kupura.

"Dada, mimi si simu yako."

"Ulinijibu kila siku! Ulikuwa unaniwekea madole!"

"Si ndilo ulilotaka? Ulitaka dole upate kuendelea na safari. Nikakupa." Akaweka fimbo chini. "Baba alipokufa wewe ulikuwa chuo, mimi kidato cha pili. Nani alirudishwa nyumbani? Miaka yote hii mama akiumwa miguu, namkanda mimi. Maji nateka mimi. Wewe dakika tano za asubuhi, basi, mtaa mzima unamwambia mama ana binti mwema. Zile siku nilitaka aone kidogo na yeye."

"Aone nini?"

"Kwamba usipopiga wewe, anayebaki ni mimi."

Lakini mama hakuliona hilo. Mama alipanda basi kwenda kuvunja mlango wangu. Nilimwambia hivyo, nikaona uso wake ukibadilika, na nilifurahi kumuumiza. Tangu siku ile hatuzungumzi ila tukikutana kwenye misiba ya watu. Aliyosema ni kweli, sijayapinga hata moyoni. Bado sijamsamehe. Mtu anaweza kuwa na haki kwa kila alilosema na akawa amekutendea unyama.

Ofisini nilimsimulia yule mwenzangu. Alinionea huruma ya kweli, akanishika mkono.

"Pole jamani. Si ungesema tu, dada? Tungechukua lile la dakika."

Ningesema. Hakuna siku ambayo neno hilo halijanipitia kichwani. Mdogo wangu alinyamaza kwa uchungu wa miaka mingi. Mimi nilinyamaza kwa sababu watu wawili, ambao hata hawanijui vizuri, walikuwa wanakula wali karibu yangu.

Mama hakubipu tena. Simu nampigia mimi, saa ile ile, naye hupokea bila kuchelewa. "Sisi wazima. Nyie huko?" Nikimuuliza miguu, husema anamshukuru Mungu. Nikiishiwa maswali, hungoja niage. Sina cha kumshitakia. Hajanitamkia neno baya. Niliwahi kumpelekea simu kubwa, nikamwekea na bando. Alinishukuru, akampa mke wa mdogo wangu.

Likizo iliyofuata niliomba mapema nikaenda Kondoa, siku zote. Nilikuta nimetandikiwa chumba cha mbele, wanakolala wakwe na wageni wa harusi, kitandani shuka ambalo halijawahi kufunguliwa. Chai nililetewa kwa vikombe vya kabatini. Wakati wa kula, mke wa mdogo wangu alininawisha kwa birika, amepiga magoti. Asubuhi ya pili nilichukua jembe nyuma ya mlango kama nilivyozoea. Mama alikuja akalitoa mkononi mwangu taratibu.

"Kaa, umetoka mbali. Watakwenda wenyewe."

Nilikaa. Nilikaa kwenye kiti siku zote za likizo, nikiwatazama wanavyotoka na kurudi. Siku ya kuondoka mama alinisindikiza mpaka kwenye miti ya uzio, akasimama hapo, akanipa mkono.

"Ahsante kwa kututembelea," alisema. "Wasalimie huko kwenu."