Kikombe Kilichofunikwa Jeddah

Watu wangu, kuna kijana aliulizwa mbele ya watu, "Huyu ni dada yako?" na dada yake wa tumbo moja amesimama pale pale, begi mkononi.

Alitakiwa kusema neno moja. Angesema ndiyo, dada angepanda ndege akarudi nyumbani.

Huyo dada ni mimi. Kaeni vizuri niwaeleze.

Naitwa Metrine, kwetu ni Bungoma. Nilikuwa nafanya kazi ya nyumba Jeddah, mtaa wa Rawdah, mtaa wa wenye nazo, kuta ndefu hadi hujui jirani anafanana vipi. Mkataba wangu ulikuwa umeisha kitambo. Kila nikimuuliza madam kuhusu tiketi, alikuwa na jibu lile lile.

"Bukra, Metrine. Kesho. Wa kuchukua nafasi yako hajapatikana."

Kesho ya yule mama haikuwahi kufika.

Nilipozidi kuuliza, akachukua simu yangu. Pasipoti alikuwa nayo tangu nilipoingia. Mshahara aliutuma moja kwa moja kwa mama yangu, kwa hivyo nyumbani walidhani niko sawa kabisa. Pesa ikiingia, nani tena anauliza mtu yuko wapi?

Niliyeongea naye Kiswahili alikuwa mmoja tu, Hezekiah, dereva wa pale, Mkisii mwenye mdomo mwingi na roho safi. Yeye ndiye aliyenifungua macho siku moja nikimpa chai kwenye dirisha la jikoni.

"Wewe unabisha mlango mbaya," akaniambia. "Madam hawezi kukuachilia. Baba mwenye nyumba anaweza, ila anaogopa bibi yake. Sasa sikia. Hawa watu, mgeni wao akiomba kitu mbele ya wengine, hawakatai. Ni aibu kubwa kwao. Wewe tafuta mgeni wa maana akuombee kwa baba. Halas, basi, umeenda."

"Na mgeni wa maana mimi nitamtoa wapi, Heze?"

"Si uombe Mungu. Hiyo ni bure."

Nikaomba. Na Mungu, sijui alikuwa ananitania, akaniletea.

Rayan, kijana mkubwa wa nyumba ile, alikuwa anasomea uhandisi Riyadh. Wikendi ya huko ni Ijumaa na Jumamosi, na alizoea kuja na rafiki zake wa chuo, wanafunzi wa kigeni waliochoka na vumbi la Riyadh wakataka kuona bahari.

Ijumaa moja madam akaingia jikoni.

"Rayan ana mgeni. Mkenya kama wewe. Mpikie ule mkate wenu, afurahi."

Mdogo wangu Japheth alikuwa amepata skolashipu Riyadh, hilo nililijua kabla simu haijachukuliwa. Lakini Wakenya wa Riyadh ni wengi, nikajiambia nisijipe presha ya bure.

Sasa lazima mwelewe nyumba zile zilivyo. Wageni wa kiume wana sebule yao, majlisi, yenye mlango wake wa nje. Mfanyakazi wa kike haingii. Mimi napika, naweka sinia kwenye meza ndogo ya ukumbini, nagonga mlango, naondoka. Rayan anatoka kuchukua. Unaweza kumlisha mtu wikendi nzima na usione hata kisigino chake.

Ila kusikia, nilisikia.

Nilipokuwa naweka kahawa na tende, mtu akacheka mle ndani. Kicheko kinachoanza kwa kukohoa. Ni cha marehemu baba yetu, na aliyekirithi ni mmoja tu.

Nikashika ukuta.

Baba mwenye nyumba alikuwa anamuuliza habari za kwao. Japheth akajibu kwa Kiarabu safi cha darasani, si kile changu cha jikoni. Akasema wazazi wake wana mashamba makubwa ya miwa. Akasema nyumbani kwao kuna wafanyakazi. Akasema yeye ni mtoto wa pekee.

Mnadhani nilikasirika? Wapi. Nilimwonea huruma. Kijana maskini katikati ya matajiri, acha ajipambe kidogo. Tena hajui niko nyuma ya mlango. Huyo mtoto nilimbeba mgongoni mama akienda sokoni Chwele kuuza mboga, nikamfundisha hata kufunga kamba za viatu.

Basi nikarudi jikoni kumwambia niko hapa, kwa njia niliyokuwa nayo.

Nilichemsha malenge, nikaponda, nikakandia nayo unga wa chapati vile mama yetu hufanya. Zikatoka za manjano, laini. Nikazipanga kwenye sinia pamoja na chai ya maziwa, nikagonga mlango.

Kwetu tuna desturi moja. Mpishi wa chapati hula mwisho, na watoto wakiachiwa sahani hawabakishi kitu. Kwa hivyo mama aliweka sheria: anayemaliza kula amwachie mpishi kipande, akikunje vizuri, akifunike kwa kikombe kisiguswe na nzi wala na watoto. Tunaiita "ya mpishi". Sijaona nyumba nyingine ikifanya hivyo, hata kwa shangazi zangu.

Sinia iliporudi, vikombe vyote vilikuwa vimesimama isipokuwa kimoja. Hicho kilikuwa kimepinduliwa.

Nikakiinua.

Chini yake kulikuwa na kipande cha chapati, kimekunjwa vizuri.

Nililia hapo kwenye sinki, nimefungua maji madam asisikie. Nikakila kile kipande polepole, kimepoa, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo maishani. Japheth amenijua. Japheth ataniombea kwa baba. Naenda nyumbani.

Hapo nikafanya kosa ambalo hata mfanyakazi mgeni kabisa asingelifanya.

Nilifunga begi.

Kwa nyumba za huko, ukionekana na begi limefungwa, hiyo ni kesi. Hawakuulizi unaenda wapi. Wanakuuliza nani anakungoja nje. Kila mwanamke wa kazi anajua, na mimi nilijua. Lakini furaha ilikuwa imenipanda kichwani. Jumamosi baada ya chakula cha mchana, Hezekiah akijiandaa kuwapeleka vijana uwanja wa ndege, nilivaa abaya yangu nikasimama ukumbini nikingoja kuitwa.

Aliyenikuta ni madam.

Akaangalia begi, akaniangalia mimi. "Nani anakungoja nje?"

"Hakuna mtu nje, madam. Mgeni wenu ni ndugu yangu."

Akacheka, kisha akaacha kucheka, akamwita mume wake. Baba akaja. Rayan akaja. Hezekiah akatokea mlangoni na funguo za gari. Na nyuma yao, amevaa shati jeupe lililopigwa pasi, akaja Japheth.

Alikuwa amenenepa kidogo. Alikuwa amependeza. Nilitamani kumkumbatia pale pale.

Baba alikuwa mtu mpole, nitamsemea hilo hadi leo. Akamshika Japheth bega akamwambia, "Mwanangu, kama huyu ni dada yako, sema tu. Wewe ni mgeni wangu. Leo hii namkatia tiketi."

Mmesikia? Alimpa mkononi. Hata kuomba hakuhitaji kuomba.

Nikamwita kwa Kibukusu, lugha yetu, kwa jina la utotoni, lile la kumbembeleza alale. Nikamwambia, "Ni mimi. Kile kipande nimekula."

Japheth akatazama viatu vyake. Kisha akamtazama baba, si mimi, akasema kwa Kiarabu kile chake safi:

"Simjui."

Hezekiah akageuka akatazama nje. Hakuwa anamjua Japheth, lakini mimi alinijua, na alijua sina uongo.

Angeishia hapo ningesema ni aibu tu imemfunga mdomo. Hakuishia hapo.

"Wanawake wa kazi wa kwetu wana hila nyingi," akaendelea. "Akishafunga begi, ujue ana watu huko nje. Mchungeni sana."

Ndivyo alivyosema, watu wangu. Mchungeni. Nilielewa kila neno, maana Kiarabu cha kuchungwa ndicho nilichokijua vizuri.

Kabla ya kutoka akaniambia kwa Kiswahili, taratibu, kama anavyoongea mtu na mhudumu wa hoteli, "Rudi kazini, mama."

Wakaenda zao.

Madam hakunipiga. Alinipeleka kwa dada yake, Riyadh, kwenye nyumba yenye kamera hadi jikoni. Hezekiah ndiye aliyenipeleka, safari ya siku nzima jangwani, milango ya nyuma imefungwa isifunguke kwa ndani. Tulipoingia mjini tulipita Batha, soko la wageni katikati ya Riyadh. Ilikuwa Ijumaa, Wakenya wamejazana kando ya barabara na mifuko ya manunuzi, wanacheka, wanapigana mabega. Nilimtafuta Japheth kwenye zile nyuso. Sijui ningemwambia nini.

"Metrine," Hezekiah akasema bila kugeuka, "nikikufungulia hapa, wewe utatoroka na mimi nitaozea jela. Na bado najiuliza kama nikufungulie."

"Endesha tu, Heze. Una watoto."

Aliendesha huku akifuta macho kwa mkono wa shati. Mtu wa Kisii, asiye damu yangu.

Kwenye nyumba hiyo nilikaa muda mrefu, mji mmoja na ndugu yangu, hadi wakapata msichana mwingine wa kushika nafasi yangu. Wakanirusha nyumbani na begi lile lile.

Mama alinipokea kwenye nyumba mpya. Mabati ya rangi, vigae sakafuni, dari yenye maua ya plasta kwenye kona. Alilia, akanishika uso, akaniita jina la nyanya yake. Mama ana presha, kwa hivyo niliapa sitamwambia alichonifanyia Japheth. Sikumwambia yeye wala mtu mwingine. Hata Hezekiah hakuwahi kusikia habari ya kile kikombe.

Mwaka jana Japheth akamaliza masomo. Mbuzi wakachinjwa, hema likapigwa, mchungaji akaalikwa. Asubuhi ya sherehe mama akanikuta jikoni.

"Mpikie ndugu yako zile za malenge."

"Eddah atapika, mama." Eddah ni binamu yetu. "Mimi nitakata kachumbari."

"Nimesema upike wewe."

"Sitaki."

Mama akachukua ule unga mwenyewe, akaanza kusukuma chapati kwa hasira, akisema na meza. "Mpaka lini, Metrine? Mtu atakasirikia kipande cha chapati chini ya kikombe mpaka azeeke?"

Nikaweka kisu chini.

"Kipande gani, mama?"

Mti wa kusukumia ukasimama.

Nje walikuwa wanajaribu vipaza sauti. Mama hakugeuka. Akasema kwa sauti ndogo:

"Alinipigia ile Ijumaa jioni. Alikuwa analia kama mtoto. Alitaka kusema kwa huyo mzee wao. Mimi ndiye nilimwambia anyamaze."

"Kwa nini?"

"Nyumba ilikuwa imefika kwenye lenta, bado paa. Ungerudi, ningeezeka na nini?"

Nikainua macho nikaangalia dari. Ni dari nzuri kwa kweli. Fundi aliifanya kwa makini.

Sikupiga kelele. Niliingia chumbani nikafunga begi langu, lile lile, nikatoka nikipita katikati ya wageni mchana kweupe. Japheth alikuwa ndio anashuka kwenye gari, wanawake wanampigia vigelegele. Tulipishana langoni. Macho yetu yakakutana, na safari hii midomo yake ilifunguka.

Mimi nilimpita kama nguzo ya stima.

Hakuna hata mmoja aliyeniuliza nani ananingoja nje.

Siku hizi niko Kitale, nina kibanda cha chai na chapati. Ya kwanza ikitoka kwenye kikaango naila mimi, ikiwa moto, wateja wangoje.

Wewe unayesoma hapa na una dada yako Ghuba, hela yake ikiingia kwenye simu, usiishie kusema asante Mungu. Omba usikie sauti yake. Muulize mkataba unaisha lini. Na akikwambia amechoka anataka kurudi, mjibu kwanza, ndipo uangalie paa.