Robine ya Esansi

Watu wakisikia kwamba niliwahi kuosha malori kwa mashini, hunitazama mikono. Sijui wanatafuta nini humo. Ni mikono ya kizee kama ya wenzangu, ila kiganja cha kulia kina kovu refu la kamba. Nimekubali kulieleza kwa sababu moja tu: nimechoka kusikia habari za yaya wangu zikisimuliwa na watu ambao siku zile walikuwa wamejificha mlimani, wakila ndizi mbichi.

Yaya, kwetu Uvira, ni mkubwa wako wa tumbo moja. Wangu alikuwa mwanaume mfupi, shingo nene, hasira ziko mlangoni kila saa. Alikuwa fundi wa Mzungu mmoja wa pamba. Uhuru ulipofika, Mzungu alifunga virago akakimbilia Usumbura, na motopompi akatuachia, si kwa upendo, bali kwa sababu haikuingia ndani ya gari. Ilikuwa mashini ndogo ya chuma iliyofungwa juu ya mbao. Upande mmoja ilivuta maji ya ziwa, upande wa pili ikayasukuma ndani ya tiyo, mpira mrefu ambao yaya aliutia mdomo mwembamba wa shaba. Maji yaliyotoka pale yalichubua ngozi. Niliwahi kumwona mbwa akipigwa nayo kwa bahati mbaya, akabiringika mpaka ziwani.

Tuliishi Rugenge, na mashini tuliiweka chini ufukoni. Malori yalitoka Luberizi na mpunga au ng'ombe, na matope ya kule yakishakaukia chumani huyatoi kwa ndoo na kitambaa. Hakuna tajiri aliyekubali pamba yake ipakiwe juu ya mavi ya ng'ombe. Kwa hiyo madereva walikuja. Mimi nilikuwa nimerudi nyumbani kutoka kwa mume aliyenipiga mara nyingi kuliko alivyonilisha, na yaya hakuniuliza kitu. Alinipa brashi, akanionyesha magurudumu.

Kilichotutesa ni esansi, yaani petroli. Kabla ya uhuru ilikuja kwa mapipa kutoka ng'ambo. Baada ya uhuru ikawa inakuja kwa kubembelezwa. Mpaka ukifungwa, bei inaruka. Wakubwa wakigombana huko Bukavu, inaruka tena, na ikishapanda haikumbuki njia ya kushuka. Wenye mashini za kusaga walifunga milango. Yaya akakataa. Alitengeneza tanki la pili, akalijaza mafuta ya taa, ambayo bei yake ilikuwa na huruma kidogo. Lakini mashini ikiwa baridi haikubali mafuta ya taa. Inataka esansi kwanza. Basi unamimina esansi kidogo kwenye lile tanki dogo la kwanza, unazungusha kamba kwenye gurudumu, unavuta, inanguruma. Ikishapata moto, unafunga robine ya esansi, unafungua ile ya mafuta ya taa. Robine ni kile kifungio cha kuzungusha kwa vidole. Ukikisahau wazi, esansi inaendelea kudondoka mchangani.

Nami nilikuwa nikikisahau kila mara. Ufuko mzima uliijua sauti ya yaya.

"Weye dada! Funga robine! Esansi iko inamwangika, uko unanywesha udongo?"

"Minye niko na mikono mbili tu, yaya!"

"Basi funga na meno!"

Tulipendana hivyo, kwa kupigiana kelele. Wengine wanapendana kwa maneno laini na mwisho wanaibiana.

Kisha vita vikaanza kunukia. Mchana mmoja askari wa serikali walileta lori lililotoka uwandani. Nilipanda na brashi yangu, nikateleza. Sakafu yote ilikuwa damu, imeganda pembeni, katikati bado mbichi, na ndani yake kuna kiatu kimoja cha mwanamke. Nilishuka kinyumenyume. Sasa, yaya alikuwa na sheria yake tangu bei ilipopanda: asiye na fedha alete esansi. Akamwambia sajini hivyo, kwa adabu yote aliyokuwa nayo, ambayo haikuwa nyingi. Sajini akamwamuru aweke mkono wa kulia juu ya ubao wa lori. Akaupiga kwa kitako cha bunduki, akaupiga tena, nikasikia mifupa. Halafu akasema, "Sasa osha." Tukaosha. Yaya alishika tiyo kwa mkono wa kushoto, analia kwa hasira, na maji yaliyorudi ziwani yalikuwa mekundu. Niliwachukia watu wale. Bado nawachukia, na padri wangu anajua.

Mkono ule haukupona. Vidole viligandamana kama mizizi ya tangawizi, wala hakuweza tena kuvuta kamba. Kazi hiyo ikawa yangu. Kamba ilinichana kiganja, kikapona, ikakichana tena palepale. Lakini nilijifunza. Kuvuta si nguvu. Ni kuivizia mashini, kuisikiliza kwa mkono mpaka gurudumu likubali, kisha unavuta mara moja kama unayemnyang'anya mtu kitu.

Waasi walipouteka mji, mimi nilipiga makofi. Yule sajini walimkata kwa mapanga ufukoni, si mbali na mashini yetu, na nilitazama mpaka mwisho, nikafurahi. Kesho yake wakamuua karani wa posta kwa kuwa alikuwa na kalamu mfukoni. Wakamuua mwalimu aliyemlilia karani. Wakamchoma moto mchuuzi wa samaki eti ana ndugu jeshini. Tulikuwa tumeruka majivu tukakanyaga moto. Miili ililala kando ya barabara mpaka mbwa wakaizoea, na sisi tukapita hapo kwenda kazini, kwa sababu magari yao pia yalitaka kuoshwa, nao hawakuuliza bei.

Waasi wale walikuwa na dawa. Kabla ya kwenda kupigana, mganga wao, mwanaume mwembamba mwenye kofia ya ngozi ya nyani, alichovya kichala cha majani kwenye chungu cha maji ya dawa, akamrashia kila mpiganaji. Risasi ikimfikia aliyerashiwa, walisema, inageuka maji. Ila dawa ina miiko. Mwanamke asiyaguse maji hayo wala asimguse aliyerashiwa. Na anayeyashika maji asiwe amelala na mwanamke usiku wa kuamkia siku hiyo. Tukikutana nao njiani, sisi wanawake tuliruka mtaroni ili vivuli vyetu visiwaguse. Mama mmoja mzito alichelewa kuruka. Walimpiga risasi ya tumbo.

Habari zikaja kwamba askari wa serikali wanashuka kutoka Bukavu. Waasi wakakusanya vijana wengi kutoka uwandani na milimani, ufuko ukajaa. Kamanda wao akaona kwamba kwa kichala cha majani hawatamaliza kabla ya jua kuzama. Akaitazama motopompi yetu.

"Dawa itaingia mu pipa," akasema, "na pipa itakunywewa na hii mashini. Batu bote batanaba dawa kwa mara moja."

Mganga hakupenda, lakini kamanda ndiye aliyekuwa na bastola. Mimi nilifukuzwa nikasimame mbali, kwenye nyavu zilizoanikwa. Esansi iliyobaki mjini, yote, ilikuwa chupa moja haijajaa. Waliimimina kwenye tanki dogo. Mpiganaji mmoja, kifua kama mlango, akapewa kamba. Alivuta kama anayeng'oa mti. Mashini ikakohoa, ikanyamaza. Akavuta tena. Kila akivuta esansi ilipungua, na harufu yake ilinifikia kule nilikokuwa. Vijana wakaanza kunong'ona kwamba mashini imerogwa.

Kamanda akamwekea yaya bastola sikioni.

"Weye uko mutu ya serikali? Itaamuka ao haiamuke?"

Yaya alitazama chini. Alijua kabisa nani anaweza kuiamsha, na hakunitazama, hata kwa jicho la pembeni. Nilielewa kwamba anakubali kufa kuliko kunitaja. Nikakasirika. Nilikasirika mpaka woga ukakosa nafasi. Nikakimbia, nikapita katikati ya wanaume wale wote walioogopa kivuli changu, wakaruka kando, na safari hiyo wao ndio waliokimbia mwanamke. Nikamnyang'anya yule kifua-mlango kamba, nikaizungusha, nikaivizia, nikavuta. Ikanguruma.

Kiganja changu kilikuwa kinatoka damu. Kamanda akamtazama mganga, mganga akanitazama mimi, akatazama malori yaliyokuwa yanasubiri.

"Alishika chuma," akasema mwishowe. "Hakushika maji."

Yaya akachukua tiyo kwa mkono wake wa kushoto, akawamwagia. Maji yaliwasukuma nyuma, wengine wakaanguka mchangani, wakacheka. Walikuwa vijana tu. Waliimba wakipanda malori, wamelowa, na meno yanagongana kwa baridi.

Waliporudi, malori yalikuwa yamejaa na bado walioketi walikuwa wachache. Wengine walilala mmoja juu ya mwenzake. Nasema hili kwa sauti, maana hata leo kuna bibi Rugenge anayenung'unika nikipita: risasi haiulizi nani kavuta kamba. Wale watoto waliuawa na wenye bunduki nzuri, na pia mwongo aliyewatuma kifua wazi. Mimi sikuwaua.

Tuliamriwa kuosha malori hayo. Dereva alikuja na kopo la esansi aliyoipata sijui wapi. Niliimimina, nikavuta, mashini ikaamka, na ilipopata moto nikazungusha robine ya esansi nikaifunga mwenyewe bila kuambiwa. Yaya aliona. Akainua mkono wake mbovu juu, akamwonyesha Mungu muujiza huo. Ndiyo mara ya mwisho nilipomwona akicheka.

Lori la kwanza halijaisha, wakaja. Walikuwa waliosalia, macho mekundu, mmoja sikio limekatwa na risasi, na mganga katikati yao bila kofia, uso umevimba. Walikuwa wamempiga. Mtu anayepigwa hutafuta wa kumpa fimbo. Akaninyooshea kidole.

"Njo ule. Ule mwanamuke njo aliharibisha dawa."

Yaya akalaza tiyo chini. Maji yaliendelea kuruka mchangani, tiyo inajipinda peke yake kama nyoka. Akasimama kati yangu na wao, na kwa mara ya kwanza maishani mwake aliongea polepole.

"Yeye alishika chuma. Mulisema benyewe, bote mulisikia. Minye njo nilishika tiyo. Maji yote ilipita mu mukono yangu. Na ile usiku nililalaka na mwanamuke. Niliogopa kusema. Musitafute mungine."

Ulikuwa uongo. Usiku ule alilala kwenye mkeka karibu na mlango wetu, mkono umemvimba, akiguna kila akigeuka, na mimi nilimkandia kwa maji ya chumvi. Nikafungua kinywa niseme. Nilitaka kusema kwamba ni mwongo, kwamba hajawahi kujua kudanganya, kwamba wamtazame shingo inavyocheza. Yeye akageuka akanipigia kelele, ile ile ya siku zote, mpaka wavuvi mbali kule wakainua vichwa.

"Weye dada! Robine! Esansi iko inamwangika! Mara ngapi nitakuambia? Enda ufunge!"

Mwili wangu ulitii kabla akili haijafika. Miaka yote aliponiita hivyo nilikimbia kwanza, nikamtukana baadaye. Nilikimbilia mashini, nikapiga magoti nyuma yake, nikaingiza vidole chini ya tanki dogo.

Robine ilikuwa imefungwa. Mchanga chini yake ulikuwa mkavu.

Mashini ilikuwa inanguruma karibu na sikio langu, kwa hiyo mlio wa bunduki niliusikia kwa mbali.