Sare Nyeupe ya Rispah

Ijumaa, saa tatu asubuhi. Naftali Omwenga ameketi sakafuni katika chumba cha kupanga, mtaa wa Kandara, mjini Jeddah, Saudi Arabia. Anafuta maandishi chini ya picha ya thelathini na nane. Zipo mia mbili na kumi na tatu.

"Mzee wa makumbusho, leo pia chai ipoe?" anamtania Allan, mlinzi anayelala naye chumba kimoja.

Naftali hainui macho kwenye simu.

Ni dereva wa nyumbani, aliyefika hapa mwaka 2012. Kwa miaka miwili sasa anakusanya kwa simu picha na sauti za Wakenya wanaofanya kazi Jeddah na Riyadh, na kuziweka kwenye ukurasa wa Facebook. Hakufundishwa na mtu. Kila picha huipa mwaka, mtaa na kazi. "Wajukuu wetu wasije wakadanganywa," anatueleza sisi waandishi tuliomtembelea.

Mwezi uliopita aliweka picha aliyopewa na Rispah Kerubo, akiwa na sare nyeupe yenye mfuko kifuani. Chini yake Naftali aliandika: Mfanyakazi wa ndani, Al-Nuzha, 2014.

Picha hiyo hiyo imetundikwa ukutani kwa mama yake Rispah, huko Nyamira, Kenya. Mama alidhani ni sare ya muuguzi, akawatangazia akina mama wenzake kanisani. Rispah alikosa moyo wa kumsahihisha. Jumapili moja jirani alifungua ukurasa wa Naftali nje ya kanisa, akasoma maandishi hayo kwa sauti.

"Kaka, si ungeniuliza tu?" Rispah alimwambia kwa simu. "Mama haendi kanisani tena."

Naftali anainamisha kichwa. "Nilijiona mkweli sana. Kumbe picha ya kwanza kabisa ni yangu, nimeegemea gari la bosi. Niliandika jina na mwaka basi. Kwamba gari si langu sikusema."

Juzi aliongeza: Gari la bosi. Mimi ni dereva wake. Kisha akaanza kufuta maelezo yote, moja moja, na kumtumia kila mwenye picha ujumbe wa sauti: niandike nini?

Jibu la Rispah limeingia asubuhi hii. Naftali anatusikilizisha.

"Yako nimeiona, kaka. Yangu acha wazi. Nikishaongea na mama nitakwambia."

Hilo ndilo tumaini la Naftali: kwamba Rispah atamwambia cha kuandika.

Simu inaita. "Yalla, Naftali!" Ni Madam, mke wa bosi, anamhimiza; anataka kutoka. Naftali anaandika 39, namba ya picha inayofuata, kwenye kipande cha karatasi, anakibana chini ya kikombe cha chai iliyopoa, na kuchukua funguo za gari. Ataendelea kesho.