Chungu Kitupu cha Fuensanta

KORDOBA. Saa mbili asubuhi, kabla jua halijaupanda ukuta wa mashariki, Fuensanta Priego ameshika ufito unaomzidi urefu mara mbili. Kwenye ncha yake limefungwa kopo la bati lililowahi kuwa la nyanya. Analichovya ndani ya ndoo, analiinua taratibu, analiinamisha juu ya chungu cha mwisho kule karibu na vigae, na maji yanashuka kwenye udongo bila kulowesha jani hata moja.

"Ukimwagia majani, jua likija linayapika," anasema. "Utadhani umekaanga mchicha."

Anaposhusha ufito anakunja uso. Ni bega la kulia.

"Habari za bega usiandike," anaonya, kisha mwenyewe anaanza kulieleza: linavyomwamsha, linavyomzuia kuvaa koti, daktari alivyomwambia aachane na ufito. "Nikamuuliza, na maua nani atayanywesha, wewe?"

Fuensanta ana miaka sitini na mitatu. Anasafisha ngazi za majengo ya ghorofa ng'ambo ya mto, kazi inayomwingizia kama euro mia sita kwa mwezi, na likizo yake yote ya mwaka huiomba Mei. Nyumba anayoishi mtaani San Lorenzo si yake. Wenyewe wako Madrid. Wamemwachia yeye na mumewe, Eladio, vyumba viwili vya chini kwa kodi nafuu, kwa sharti moja tu: ua wa ndani usife.

Ua haujafa. Kuta zake nne zimepakwa chokaa, nyeupe hadi zinaumiza macho, na juu ya weupe huo vinaning'inia vyungu vya buluu, safu juu ya safu, vikimwaga mawaridi, mikarafuu na majani ya kila namna. Katikati kipo kisima. Wiki mbili za Mei mlango wa mtaani huachwa wazi, kama milango mingine mingi ya mitaa hii, na yeyote anaingia, anatazama, anatoka. Hakuna tiketi. Mama yake Fuensanta aliuacha wazi hivyo hivyo, na mama wa baba yake vilevile.

Lakini mwaka huu, juu kidogo ya kisima, mahali ambapo jicho la mgeni huanguka kwanza, kinaning'inia chungu chenye udongo mtupu.

"Hapo ndipo alipokuwa Mjane," anasema Fuensanta, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii sauti yake inashuka.

Mjane ni mmea wa kuning'inia wa jamii ya jeraniamu, wenye maua ya zambarau iliyokolea kiasi kwamba ikifika jioni unaapa kuwa ni meusi. Ndiyo asili ya jina. Marehemu mama yake, Purificación, aliukuta humu ndani alipoletwa akiwa bibi harusi, na hakuna aliyeweza kumwambia nani aliupanda. Madukani haupo. Fuensanta ametafuta.

Aliyeuua ni yeye mwenyewe.

Kila Machi ukuta hupakwa chokaa upya, na utaratibu unajulikana na kila mwanamke wa mitaa hii: shusha vyungu vyote, paka, acha ukuta ukauke, ndipo uvipandishe. Mwaka huu bega lilikataa. Fuensanta alishusha nusu, vilivyobaki akavivika mifuko ya plastiki, akapaka kwa kuvizunguka. Mfuko wa Mjane ukateleza. Chokaa mbichi ikatiririka kutoka kwenye brashi ikaingia kwenye udongo, na yeye aliyekuwa chini hakuiona.

"Chokaa mbichi inaunguza mizizi," anasema. "Mtoto wa hapa anajua hilo kabla hajajua kusoma. Na mimi mtu mzima nimefanya. Majani yakawa ya njano, shina likawa kama kijiti cha kiberiti."

"Nilimwambia anisubiri nimshushie," anadakia Eladio, dereva wa basi mstaafu, kutoka kwenye kigoda chake cha mlangoni.

"Ulikuwa umelala."

"Nilikuwa napumzisha macho."

"Kwa mkoromo ule, hata masikio yalipumzika."

Angeweza kukificha chungu kile. Hakutaka. Alikirudisha ukutani mahali pake, na wageni wakiuliza, huwajibu kwamba mwenyewe kasafiri.

Kwa anavyojua Fuensanta, duniani amebaki Mjane mmoja tu. Yuko mitaa miwili kutoka hapa, uani kwa Angustias Roldán. Na Fuensanta na Angustias hawajasemezana kwa miaka kumi na minne.

Saa tano mlango unafunguliwa. Wanaingia wazee wa chama cha wastaafu kutoka Jaén, kisha familia yenye mapacha wanaogombea kofia, kisha binti mmoja peke yake, amebeba begi lililotunishwa na mkate mrefu.

"Tunalipia wapi?" anauliza.

"Hulipi, binti. Pita," anasema Eladio.

"Kweli bure?"

"Bure kabisa. Ila asiyesalimia namtoza."

Binti anacheka, anasalimia. Anaitwa Iria, mwanafunzi wa uuguzi kutoka Lugo, kaskazini ya mbali, aliyekuja kwa basi kuutazama mji kwa kutumia miguu yake tu. Tangu asubuhi ameshavuka daraja la Kirumi, ameshaingia kwenye msikiti uliogeuzwa kanisa kuu katika ile saa ya mapema isiyo na kiingilio, na sasa anapita ua hadi ua.

"Pesa yangu yote nimeiweka kwa ajili ya chakula," anajigamba.

"Na unakula nini?" anauliza Fuensanta.

"Mkate na jibini."

"Basi hiyo pesa yenyewe, mwanangu, ni ya kuhurumiwa."

Anaingia ndani, anarudi na bakuli la salmorejo, rojo nzito ya nyanya, mkate na mafuta ya zeituni, baridi kutoka kwenye jokofu. Iria anakaa ukingoni mwa kisima na kula bila kujivunga.

Wakati huo mwanamke mwenye mkoba mweupe amesogea kwenye kona ya mikarafuu. Anatazama kushoto. Anatazama kulia. Vidole viwili vinapanda kuelekea shina.

"Ngoja nikaangalie kisima," anasema Fuensanta kwa sauti ya kusikika ua mzima, na kumgeuzia mgongo.

Iria anaacha kijiko hewani. "Bibi! Yule mama kakata kitawi!"

"Nyamaza, utamharibia."

"Lakini kaiba!"

"Sasa ulitaka afanyeje, aombe? Kitawi cha kuomba hakishiki. Na kikionwa na macho ya mwenye mmea kinakauka njiani. Mgeni anaiba, mwenye nyumba anaangalia kisima. Ndivyo ilivyo." Anainama, anachungulia kisima kweli, kana kwamba kuna jambo. "Mtu wa nyumba moja nawe ni habari nyingine. Huyo haibi. Huyo unamkatia mwenyewe, unampa mkononi."

"Na wewe umewahi kuiba?"

"Mimi? Nusu ya mtaa huu iko kwenye ukuta wangu."

Mwanamke wa mkoba mweupe anaaga kwa haraka isiyo ya kawaida. Eladio anamtakia safari njema kwa adabu zote.

Iria anafuta bakuli kwa kipande cha mkate, kisha anainua macho kwenye chungu kitupu. "Sasa kile mbona hukijazi? Si uende ukaibe na wewe?"

Maji yanadondoka kutoka kwenye vyungu vya juu.

"Mtoto kauliza swali," anasema Eladio hatimaye, akitazama mtaani.

Angustias alizaliwa humu humu. Zamani hizo familia sita zilikaa kuzunguka ua huu, kisima kimoja, karo moja la kufulia nguo. Yeye na Fuensanta walicheza pamoja, wakaugua surua pamoja, wakawasema waume zao pamoja. Kisha nyumba ikaanza kubaki tupu, chumba kwa chumba, hadi Angustias naye akahamia kwa mwanawe, mitaa miwili mbele. Jioni ya siku aliyohama, Fuensanta aliona jeraha bichi kwenye shina la Mjane.

"Angeniomba ningempa," anasema. "Alikuwa mtu wa nyumba hii. Mtu wa nyumba hii haibi." Mama yake alikuwa mgonjwa wakati huo, hakutaka kumsumbua kwa habari ya kitawi. Vuli ileile mama akafariki. Angustias alikuja mazishini, akatoa mkono, ukapokewa bila neno. Miaka michache baadaye, ua wa Angustias ulishinda zawadi katika mashindano ya nyua ya Mei, na picha iliyotoka gazetini ilikuwa ya Mjane.

Saa sita inapokaribia, Fuensanta anavua kandambili na kuvaa viatu vya kutokea.

"Kaa hapa mlangoni," anamwambia mumewe.

"Nimekaa hapa tangu asubuhi."

"Basi endelea."

Foleni ya Angustias imefika kona. Fuensanta anasimama nyuma ya Wafaransa wawili wenye kofia zinazofanana, akiukumbatia mkoba wake kama aliyekuja benki. Majirani wanaopita wanamwona, wanapunguza mwendo, wanajifanya kutafuta funguo.

Mlango wa Mei haumrudishi mtu. Angustias, mwanamke mrefu mwenye nywele nyeupe zilizobanwa kwa chanuo, amesimama kizingitini akiingiza watu kwa makundi, na kila kundi huliuliza linakotoka. Zamu ya Fuensanta inafika.

"Wangapi?" anauliza Angustias.

"Mmoja."

"Umetoka wapi?"

"Mitaa miwili hapo nyuma."

"Mbali huko." Foleni inacheka bila kujua inachocheka. Angustias hacheki. "Karibu Kordoba."

Ndani, Mjane amefunika ukuta wa kusini mzima. Fuensanta anasimama mbele yake, mkoba kifuani. Wafaransa wanapiga picha, wanasogea. Angustias amemwachia mwanawe mlango. Sasa yuko kando yake, naye anatazama ukuta.

"Amenenepa," anasema Fuensanta.

"Anatunzwa."

"Kwetu alikuwa anapenda kivuli."

"Huku anapenda jua. Watu hubadilika." Angustias anang'oa jani kavu, analiviringisha kati ya vidole. "Nimesikia habari ya chokaa. Bega?"

"Bega."

"Pole." "Siku ile, Fuensanta, ufunguo nilikuwa nimeshaukabidhi. Nilimpa mama yako mkononi, asubuhi. Sikuwa mtu wa nyumba ile tena. Nilikuwa mgeni, nikafanya la mgeni."

"Ungeniambia."

"Nilijua unajua. Mama yako alikuwa amekaa pale kitini, blanketi magotini. Aliniona nimesimama mbele ya chungu. Akainuka, hali ile aliyokuwa nayo, kwa fimbo. Akasema anakwenda kuangalia kisima."

Fuensanta anaposimulia baadaye, hapa ndipo anapolazimika kutafuta leso. Kutoka kwenye kiti cha mama yake hadi kisimani, anasema, kulikuwa na mwendo, na mgonjwa yule kwa wiki nzima alikuwa hawezi hata kwenda mezani. "Na alikwenda. Kwa ajili ya kumgeuzia mtu mgongo."

Angustias anamtazama kwa muda, kuanzia viatu vya kutokea hadi mkoba. Kisha anajikohoza.

"Mimi huku kisima sina," anasema, kwa sauti ya kusikika ua mzima. "Ngoja nikaangalie bomba."

Anakwenda hadi ukuta wa mbali, anafungua bomba, na kuliacha limwage. Linamwaga muda mrefu kuliko ndoo yoyote inavyohitaji.

Fuensanta anarudi nyumbani haraka, mkono mmoja ndani ya mkoba. Eladio anasimama, jambo ambalo hakulifanya kwa mgeni yeyote leo.

"Umemshukuru?"

"Nimshukuru, kitawi kife? Niletee kigoda."

Safari hii Eladio ndiye anayepanda. Anakishusha chungu kitupu, ambacho udongo wake ulishabadilishwa tangu Aprili, ukisubiri. Fuensanta anatoboa tundu kwa kidole, anatia kitawi chenye majani mawili, anakandamiza kwa dole gumba, ananyunyiza maji kidogo. Iria, aliyekuwa njiani kutoka, amebaki kutazama, begi mgongoni. Haulizi alikitoa wapi.

Mipango ipo. Machi ijayo vyungu vyote vitashushwa, na Eladio atashusha, akiwa macho au akiwa amelala. Fuensanta amesikia pia kwamba kuta za Angustias nazo zinapakwa mwezi huohuo, na kwamba Angustias bado ana mabega mawili mazima. "Sijasema nitamwomba," anasema. "Nimesema ninayo habari." Kitawi kikishika kitatoa maua Mei nyingine, au Mei itakayofuata. Anachotaka ni kukiona cheusi jioni moja kabla bega halijamwondoa kabisa kwenye ufito. Basi.

Saa kumi na mbili jioni mlango unafunguliwa tena. Mgeni wa kwanza, mzee mwenye miwani, anasimama mbele ya kisima, anainua kichwa na kukikodolea chungu cha katikati.

"Bibi, hiki mbona kina majani mawili tu?"

"Karudi safari," anasema Fuensanta. "Kachoka, mwacheni apumzike."