Nota Nane na Goti Langu

Mwezi uliopita niliitwa kwenye misheni moja upande wa Kabanga, nikaangalie madawati ya zamani waliyotaka kuyatoa stoo. Ndiyo kazi yangu siku hizi: vitu vilivyowachosha wenyewe navitafutia watu ambao bado havijawachosha. Madawati yalikuwa kumi na tisa. Nikahesabu tena, yakawa kumi na nane, maana moja lilikuwa limesimama kwa miguu ya mwenzake. Nyuma yake, juu ya magunia matupu, nikaona kiboksi chembamba cha mbao chenye ndoano ya shaba. Nilipokifungua, kabla macho hayajaona kitu, pua ilishajua. Mawese. Miaka ishirini na moja, na bado kinanuka kama jiko la bibi siku ya maharage.

Wewe rafiki yangu hukuwepo, kwa hiyo ngoja nikueleze taratibu jinsi filimbi ya mbao kutoka Ulaya ilivyofikia kunuka maharage, na kwa nini nilikaa juu ya lile dawati bovu nikasahau kilichonileta.

Nilikuwa na miaka kumi na miwili, nikiishi na bibi yangu kijijini Heru Juu. Unajua Juni ya kwetu ilivyo. Asubuhi baridi inakung'ata masikio, mchana vumbi, na moshi wa nyasi zinazochomwa ng'ambo ya bonde. Muhogo uliolowekwa umeanikwa kila mahali na harufu yake inaingia mpaka kwenye nguo za kanisani. Uani watu wanapiga maharage kwa fimbo, na mimi kazi yangu ni kuokota yaliyorukia mbali. Bibi alikuwa na neno moja alilolisema kuliko mengine yote: "Hesabu tena." Kuku wakiingia bandani, hesabu tena. Viazi vikitoka shambani, hesabu tena. Aliamini hesabu ya kwanza mtu huwa anahesabu anachotaka, ya pili ndiyo anahesabu kilichopo. Tabia hiyo sijaiacha, na wateja wangu wa Kasulu wanaijua vizuri.

Likizo ile mwalimu wa kwaya akaja kutangaza semina ya wiki tatu kwenye misheni hiyohiyo ya Kabanga, kwa watoto wa kwaya. Muziki wa Ulaya wa zamani sana, wa enzi za Renesansi na Baroko. Majina hayo tuliyapokea kama majina ya vijiji. Mimi nilidhani Baroko ipo mbele kidogo ya Rungwe Mpya. Bibi hakuuliza habari za muziki. Aliuliza, "Kuna chakula?" Akaambiwa kipo, mara tatu kwa siku. "Basi aende."

Mwalimu wa semina alikuwa mama mzungu mfupi, mwenye mvi, aliyekaa Kongo miaka mingi, na Kiswahili chake alikuwa amekichukulia huko. Alikuja na kinanda kilichobebwa na wanaume wanne, ambacho ndani yake nyuzi zinadonolewa kama kuku anavyodonoa mtama. Alikuja pia na filimbi kumi na mbili. Nilizihesabu, nikazihesabu tena: kumi na moja za plastiki, rangi ya maziwa, na moja ya mbao, nyeusi inayong'aa. Siku ya kwanza akatupanga mstari, kila mtu apulize sauti moja ndefu. Mimi nilipuliza kama ninayefukuza mbuzi kwenye mahindi. Akatabasamu, akanipa ya plastiki.

Kisha akapuliza msichana mmoja kutoka Kibondo. Alikuwa mwembamba, mwenye sweta ambalo mkono mmoja ulikuwa mrefu kuliko mwingine, mtoto wa familia zilizotoka Burundi zamani na sasa ni Watanzania kama sisi. Alipuliza sauti moja tu. Mama mpishi aliyekuwa akisonga ugali pale nje akasimamisha mwiko. Mwalimu alienda kwenye kiboksi, akafungua ndoano, akampa ile ya mbao.

Nilimchukia kuanzia hapo. Nakwambia ukweli, sina sababu ya kukuficha. Nilichukia alivyoshika filimbi kana kwamba ameazima kidole cha mtu. Nilichukia alivyowasalimia wapishi kila asubuhi, "Mwakeye," huku akiinama na kupiga makofi taratibu kama wakubwa wanavyotaka, na wapishi wakayeyuka. Kwenye sahani yangu viazi vinne. Kwenye yake vitano. Nilihesabu tena: vitano. Na alikuwa akinimegea kile cha tano bila kuombwa, jambo lililoniudhi zaidi, kwa sababu nilikuwa nakila.

Yale mafuta ya kupaka filimbi ya mbao yalikuwa kwenye kichupa kidogo, na wiki ya kwanza haikwisha yakamalizika. Mwalimu alisema mti usipopakwa utapasuka, akasikitika, akaenda zake kufundisha. Yule wa Kibondo akaenda jikoni, akachovya unyoya wa kuku kwenye mawese, akaisugua filimbi ndani na nje mpaka ikawa na wekundu. Mimi nikafurahi. Nikasema leo ndiyo leo. Mwalimu aliinusa, akapiga chafya, akaipuliza, akacheka mpaka akashika ukuta: "Batoto, sasa hii inaimba na njaa!" Kumbe hata kosa lake lilikuwa zuri.

Wimbo wa siku ya kufunga ulikuwa hivi. Mimi nilipewa mstari wa chini: nota nane, nane tu, zilezile, zinarudi na kurudi tangu mwanzo hadi mwisho kama mtu anayezunguka nyumba akitafuta mlango. Wengine wanajenga juu yake. Yule wa Kibondo ananyamaza mpaka nizunguke mara sita, ndipo anaingia juu, peke yake, na wimbo wote unakuwa wake. Nililalamika. Mwalimu akaniambia, "Mutoto, wewe njo musingi. Bila wewe nyumba inaanguka." Sawa, lakini sijawahi kuona mtu akienda kutembelea nyumba ya watu akasifia msingi.

Tatizo ni kwamba yule wa Kibondo hakuweza kuhesabu. Akisikiliza anasahau, akihesabu hasikii. Muziki ule kila mtu ana karatasi yake peke yake, haoni ya mwenzake, na mwalimu alikuwa akipiga kinanda ametupa mgongo, kwa sababu macho yake yalitaka mwanga wa dirisha. Basi tukapatana. Tulikaa kwenye benchi moja, goti kwa goti. Nikimaliza mzunguko wa sita, namgusa kwa goti. "Wa Heru," aliniambia, "wewe hesabu, mimi nitapuliza." Wiki mbili nzima goti langu halikukosea hata siku moja.

Siku mbili kabla ya kufunga mwalimu akatangaza kwamba atakayepiga sauti ya juu siku hiyo vizuri, ile filimbi ya mbao itabaki mikononi mwake. Aende nayo nyumbani. Nilikuwa nimeshajua nota za juu zote. Nilijifunzia chooni, kwa vidole, bila kupuliza. Nikajiambia akishindwa yeye, nani mwingine anazijua?

Bibi alikuja na kitenge chake cha sikukuu, akakaa mbele. Tukaanza. Nota nane, mzunguko wa kwanza. Wa pili. Jua la saa tisa lilikuwa limeingia dirishani na vumbi linaelea juu ya kinanda. Wa tano. Wa sita ukaisha, na goti langu nikalishikilia pale lilipo kwa nguvu zote. Yule wa Kibondo alikuwa na filimbi mdomoni, tayari, macho ameyafumba. Wa saba ukaanza. Alifumbua macho akanitazama. Nikatazama karatasi yangu, yenye nota nane ambazo sikuhitaji kuzitazama. Wa nane. Wa tisa. Hakuingia kabisa. Wimbo ulifika mwisho ukiwa na msingi na kuta, bila paa, na kwa mara ya kwanza kanisa zima lilisikia ninachopiga.

Watu wakapiga makofi ya heshima. Mwalimu aligeuka, akatutazama mmoja mmoja, akaichukua filimbi ya mbao taratibu kutoka mikononi mwa yule msichana, akaipangusa, akaifungia kwenye kiboksi. Hakumpa mtu. Hakuuliza hata nani mwingine anaijua ile sauti. Bibi alinikumbatia pale mlangoni: "Nimekusikia wewe peke yako!" Alifariki miaka tisa baadaye akiwa bado anawasimulia wageni siku mjukuu wake alivyopiga peke yake misheni. Sikumsahihisha.

Tukisubiri gari, yule wa Kibondo alikuja kukaa karibu yangu na hindi la kuchemsha. Akalivunja nusu, akanipa.

"Ulihesabu mara mbili, ukachanganyikiwa," akasema. "Nakujua."

Nikasema, "Ndiyo."

Ndiyo hiyo nimeibeba mpaka mwezi uliopita nilipokaa kwenye dawati lile.

Nilikichukua kiboksi bila kuomba kupunguziwa, na mtunza stoo akaniuliza kama naumwa. Siku ya pili nikapanda gari la Kibondo. Habari zake nilikuwa nazo siku zote, maana watu wa Kibondo wakija Kasulu hawachoki kumsema: kwaya yake, watoto wake thelathini wanaopuliza filimbi, sauti yake. Kila waliposema nilikuwa napandisha bei.

Nilimkuta kwenye jengo la kanisa, mchana, akiwakalisha watoto kwenye mabenchi. Amenenepa, na mikono ya sweta ilikuwa sawa. Alinipokea kwa ile salamu yake ya kuinama, mimi, ambaye tuko rika moja. Nikampa kiboksi. Alifungua, akanusa, akacheka mpaka watoto wakageuka.

"Siku ile," nikamwambia, "sikuhesabu mara mbili."

"Najua, dada."

"Unajuaje?"

"Goti lako lilikuwa limeegemea langu tangu mwanzo. Ulipofika mzunguko wa sita likakaza kama kuni; nilipoelewa ni kwa nini, wimbo ulishanipita."

"Sasa mbona ulisema vile?"

Akaipuliza filimbi kidogo. Ilitoa upepo, kisha ikakohoa, kisha sauti. "Ningesema nini? Njia yenyewe ilikuwa ndefu mpaka Kibondo, na hindi nilikuwa nalo moja tu la kula na mtu."

Unaona? Hata kwenye kusamehe alinitangulia, tena miaka ishirini na moja nzima, na mimi sikuwa na habari.

Akachukua filimbi ya plastiki kwa mtoto mmoja, akanikabidhi, akakaa kwenye benchi, goti kwa goti. "Haya, wa Heru. Msingi."

Vidole vilikumbuka. Nota nane, mzunguko wa kwanza. Nikamkumbuka yule mama mwenye mvi aliyerudi kwao na kinanda chake cha kudonoa, sijui kama bado yupo. Wa pili, wa tatu. Nikaikumbuka stoo ambayo siku zile ilikuwa darasa letu, na jiko la kuni ambalo sasa ni ukuta mtupu, na bibi mbele na kitenge chake. Wa nne. Hakuna mtu aliyebaki duniani wa kunikumbatia mlangoni na kuniambia amenisikia peke yangu. Wa tano. Safari hii nililiandaa goti mapema, nikalilegeza, maana nilikuwa nimeamua kulipa deni lake siku hiyo hiyo, mbele ya watoto thelathini.

Wa sita ukafika mwisho. Nikahesabu tena, kuhakikisha. Nikamgusa.

Alikuwa ameshaingia.